Makofi Hayana Breki

Kuna watu wanaodhulumiwa kwa kusemwa vibaya, na kuna wanaodhulumiwa kwa kupigiwa makofi. Katika kundi hili la pili namweka kijana fundi wa mji mdogo ambaye, kwa mabati, vyuma chakavu na injini ya kununua gereji, ameunda gari lenye sura ya yale magari ya spoti ya Ulaya tunayoyaona kwenye picha. Habari zake zikienea, watu humiminika. Kiongozi huja akaketi nyuma ya usukani, picha zikapigwa, na hotuba ikatolewa kwamba huyu ni mgunduzi na fahari ya mkoa. Kisha wote huondoka, naye hubaki na gari ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeinama kulitazama uvunguni.

Nasema kwamba makofi ya namna hiyo ni dhuluma, na katika kurasa hizi nitajaribu kueleza kwa nini. Sisemi kwa dharau. Nimeishi na vijana darasani, kwanza katika shule za msingi na baadaye katika chuo cha ualimu, muda wa kutosha kutambua kwamba mkono unaotaka kuunda kitu ni neema, na kwamba neema hiyo mara nyingi tumeiua wenyewe kwa kuipa alama sifuri.

Basi tuanze kwa kumpa kijana haki yake. Mwenye kuishi huku Ufipa amewaona watoto na magari yao ya waya. Magurudumu hukatwa kwenye soli za kandambili, na usukani huwekwa juu ya fimbo ndefu ili dereva aweze kukimbia akiwa wima. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto aliliona lori likipita jana, leo analo la kwake, na ukilitazama vizuri utakuta magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Huko ndiko kuiga, na ndiyo shule ya kwanza ya fundi yeyote. Kijana anayeunda gari la spoti ni mtoto yule yule aliyekua. Ameongeza mashine ya kuchomelea.

Na kwa nini gari la spoti, wala si lori au basi? Wazee wenzangu huuliza swali hili kwa kebehi, lakini jibu lake ni rahisi. Gari la spoti halina kazi. Halibebi mahindi, halibebi abiria, halipeleki mgonjwa zahanati. Limeumbwa kwa ajili ya furaha ya anayeliendesha, na umbo lake lililolala chini kama paka anayenyemelea linamwambia maskini kwamba naye yumo katika dunia ya watu wanaofurahi. Sioni aibu katika tamaa hiyo. Binadamu aliyenyimwa kila kitu isipokuwa vitu vya lazima amenyimwa sehemu kubwa ya ubinadamu wake.

Hata huko yalikotoka magari hayo, kuiga si aibu. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alichukua bodi na chesisi ya gari dogo la Kiingereza la kampuni ya AC, akatia ndani yake injini kubwa ya Ford. Gari hilo likaitwa Cobra. Yaliyoundwa kiwandani wakati ule ni takriban elfu moja tu, lakini yale yaliyoigwa baadaye katika karakana za dunia nzima yanayazidi yale ya asili mara nyingi. Hali kadhalika Lotus Seven ya mwaka 1957: iliuzwa ikiwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani na kukwepa kodi ya mauzo ya Uingereza, na mpaka leo kuna wanaoitengeneza na wanaoiiga. Huku huku Afrika, katika mji wa Port Elizabeth ambao sasa unaitwa Gqeberha, kuna kiwanda ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikitengeneza Cobra za kuiga na kuziuza hadi Marekani kwenyewe. Hiyo ni kazi ya heshima na ya ajira.

Lakini tazama mambo mawili. La kwanza, hakuna huko anayemwita mwigaji mgunduzi. La pili, huko gari la kuiga halipewi namba mpaka lipimwe. Uingereza ilianza ukaguzi maalumu wa magari ya kuundwa mmoja mmoja mwaka 1998, na mwaka 2009 ikauboresha. Mkaguzi hutazama breki, usukani, taa, mikanda, moshi, hata ncha kali za bodi zinazoweza kumkata mpita njia. Gari likishindwa, mwenyewe hupewa orodha ya makosa, hurudi nyumbani akarekebisha, kisha hulileta tena. Hakuna anayempigia makofi. Anapewa kitu bora zaidi: anaambiwa ukweli.

Msomaji anaweza kusema kwamba huo ni ustaarabu wa Wazungu, sisi tusifananishwe nao. La hasha! Hapa Ufipa kanuni hiyo ilijulikana kabla hatujaona gurudumu la gari. Babu zetu walikuwa wafua chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, mengine yakizidi kimo cha mtu kwa mbali, na yaliyobaki yanaonekana mpaka leo katika pori la nchi yetu. Tanuru hilo halikuvuviwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia vijibomba vya udongo chini, ikapanda na moto. Lilikuwa jambo la kutisha na la kupendeza, hasa usiku. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kimechanganyika na takataka za mawe. Jembe haliwezi kufuliwa kwa chuma hicho. Ilibidi kichukuliwe kwenye tanuru la pili, dogo na lisilo na fahari, lililoitwa kintengwe, ambako kwa mivukuto na jasho kilisafishwa. Ndipo mhunzi akapata chuma cha jembe.

Wazee hawakwenda shambani na chuma cha tanuru la kwanza. Sisi leo ndivyo tunavyofanya. Gari lenye umbo zuri ni malungu: linawaka, linaonekana kutoka mbali, linakusanya watu. Upimaji wa breki, wa viungio vya kuchomelea, wa uzito na wa usukani ni kintengwe. Hakuna kiongozi anayekwenda kupigwa picha kwenye kintengwe.

Jirani zetu nao wamepita humo. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kikenya, na mwaka 1990 magari machache ya majaribio, Nyayo Pioneer, yalionyeshwa kwa taifa kwa shangwe kubwa. Shirika likaundwa ili kuyazalisha. Fedha hazikutosha, na wananchi hawakuyaona barabarani. Kuunda gari moja ni shughuli moja. Kuunda la elfu moja, lenye spea zake, mafundi wake na mkopo wake wa benki, ni shughuli nyingine kabisa, nayo haina shangwe. Waganda walifanya subira kidogo. Kiira, gari dogo la umeme la watu wawili lililobuniwa Chuo Kikuu cha Makerere, lilionyeshwa mwaka 2011. Lingeweza kuishia kwenye picha. Wenye nalo walirudi mezani, wakajiuliza Uganda inahitaji kusafiri vipi, na mwaka 2016 wakaonyesha basi lao, Kayoola, linalosaidiwa na nguvu ya jua. Kwetu, mwaka 2022 mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya alionyesha gari dogo la umeme alilolitengeneza na mafundi wake. Halikujifanya Ferrari. Nililipenda kwa sababu hiyo kabla hata ya kujua linakwenda umbali gani.

Sasa nije nyumbani. Alinijia kijana mmoja ambaye baba yake nilimfundisha darasa la nne. Jina lake nitalihifadhi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, baba. Nasikia unaunda gari.”

Akanipeleka kuliona. Lilikuwa chini ya kibanda cha nyasi, jekundu kama pilipili, na sitadanganya, lilikuwa zuri. Bodi aliifinyanga kwa fibaglasi juu ya fremu ya mabomba, akiifuata picha moja tu aliyokuwa nayo. Chini yake kulikuwa na chesisi ya gari kuukuu alilolinunua kwa kuuza maksai wawili, wale waliokuwa wakilima shamba la familia. Alikuwa ameikata katikati ili kuifupisha, kisha akaichomelea tena. Injini alikuwa ametafuta kubwa zaidi ya ile ya awali. Nikamwuliza habari za breki.

“Breki nitazimalizia mwisho, mwalimu. Kwanza watu waione bodi.”

Sikumlaumu kwa jibu lile, maana lilikuwa jibu letu sisi alilolirudia. Nani aliwahi kumwuliza kitu kingine? Waliofika mbele yangu walisifu rangi. Waliofika baada yangu walisifu milango inayofunguka kwenda juu. Siku ya sherehe moja ya hadhara gari lilisukumwa hadi uwanjani, mgeni wa heshima akaketi ndani, bahasha ikatolewa, na kijana akatangazwa kuwa mfano wa kuigwa. Bahasha ile haikununua hata sikio la maksai. Msimu ule mama yake na wadogo zake walilima kwa jembe la mkono, na gari lipo pale pale kibandani. Kuku wanalala juu ya usukani.

Namshukuru Mungu kwamba lilibaki kibandani, maana kijana alikusudia kushuka nalo Muze. Mgeni wa nchi hii aelewe maana yake. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari, na bonde la Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Barabara ya Ntendo kwenda Muze inashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na mshuko wote ni takriban mita 1,000 kwenda chini. Hebu tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Gari la kilo 1,000 likishuka mita 1,000, nguvu ya kuzuiwa inatosha kuchemsha lita 30 hivi za maji baridi, yaani ndoo kubwa moja na nusu. Sehemu itamezwa na injini, dereva akiweka gia ndogo, na sehemu kidogo na upepo. Inayobaki yote hugeuka joto ndani ya vipande vinne vya chuma nyuma ya magurudumu. Kama breki hizo zilitengenezwa kwa ajili ya gari dogo lenye injini ndogo, zitaungua. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka, na yenye unyevu huchemka mapema. Yakichemka hutoa mapovu, na mguu wa dereva hushuka hadi sakafuni bila kukutana na kitu.

Hilo ni moja. La pili, ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya kusimamisha gari haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Gari linalosimama vizuri kwenye kilomita 40 kwa saa bado halijasema lolote kuhusu kilomita 80, na hakuna kijana anayeunda gari la spoti ili aende 40. La tatu, chesisi iliyokatwa na kuunganishwa huweza kushikilia mwezi mzima kwenye lami, kisha ikapasuka siku moja kwenye makorongo, kwa kuwa ufa wa chuma huanza mdogo, ndani ya kiungio, pasipoonekana kwa jicho. La nne, gari likishushwa chini ili lifanane na la kwenye picha, mikono ya usukani hupoteza pembe yake ya awali. Gurudumu likigonga shimo linajipinda lenyewe bila dereva kutaka. Mambo haya yote hayaonekani kwenye rangi nyekundu. Yanaonekana kwa anayelala chali uvunguni na tochi.

Upo pia mtego wa nembo, nao nauona mkubwa kuliko wanavyoudhani vijana. Mwezi Julai 2019 polisi wa Brazil waliifunga karakana moja mjini Itajaí ambako baba na mwanawe walikuwa wakiunda Ferrari na Lamborghini za bandia. Ufundi wao ulistahili sifa. Kilichowaponza ni kuuza sura na nembo ya mtu mwingine. Kwetu huku hakuna kampuni ya Italia itakayomfuata kijana wa Sumbawanga mahakamani kwa gari moja la kibandani. Lakini yule farasi au fahali anayemchora kwenye boneti anamfundisha kwamba kazi yake haina thamani mpaka ivae jina la mwingine. Ningefurahi sana kuona boneti imeandikwa jina la kijiji chake. Akikosea, kosa liwe lake. Akifaulu, sifa iwe yake pia.

Najua nitajibiwa nini. Wa kwanza atasema, “Mwalimu, unamkatisha tamaa kijana.” Mimi namwuliza: nani amemkatisha tamaa, anayemwonyesha kiungio kibovu, au aliyemwacha na kuku? Mwanafunzi wangu akileta insha, simpi mia kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Namsahihisha kwa wino mwekundu, tena namsahihisha zaidi yule ninayemtarajia makubwa. Kumsifu mtu bila kuisoma kazi yake ni namna ya adabu ya kumwambia kwamba hatumtarajii afike popote.

Wa pili atasema, “Afadhali angetengeneza mashine ya kupukuchua mahindi.” Huyu nampinga kwa nguvu ile ile. Ufipa ni nchi ya mahindi, hilo najua, na mashine zinahitajika. Lakini kipaji hakiagizwi kama mbolea. Aliyependa gari la spoti atajifunza kuchomelea, kupima, kuchora na kuhesabu kwa sababu ya gari la spoti. Kesho ujuzi huo utakwenda kwenye mashine ya mahindi wenyewe bila kusukumwa. Tukimwondolea furaha yake kwanza, hatutapata gari wala mashine. Ninachokataa ni gari lisilopimwa, na sifa isiyogharimu kitu.

Ninataka nini basi? Kwanza, kabla gari lolote la kuundwa nyumbani halijaonyeshwa uwanjani, lionyeshwe kwa mtu mwenye kulijua: fundi mkongwe wa gereji, mkufunzi wa VETA, mkaguzi wa magari wa polisi. Taasisi hatukukosa. SIDO tunayo tangu mwaka 1973, VETA tangu 1994, na huko Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha jeshi kilichounda lori la Kitanzania. Pili, iwepo njia inayojulikana, nyepesi na ya gharama ndogo, ya kulikagua gari la namna hii na kuliandikisha, pamoja na orodha ya makosa anayopewa mwenye kushindwa ili arudi tena. Leo kijana yuko kati ya mawili: kuendesha kwa kujificha, au kuacha. Tatu, mgeni wa heshima anayetaka kupigwa picha alipe kwanza. Gharama ya seti moja ya breki zinazolingana na gari ni ndogo kuliko gharama ya msafara wake.

Nne, na hili nawaambia walimu wenzangu, turudishe kintengwe darasani. Mwaka 1967 tuliambiwa habari za Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi zikaigeuza kuwa kilimo cha adhabu. Sasa mkondo wa amali umeanza kuingizwa katika sekondari. Usiposimamiwa, nao utageuka maonyesho ya bodi: vitu vya kupakwa rangi siku ya mgeni. Ufundi hufundishwa kwa kupima, kuvunja, kupima tena. Mwanafunzi aunganishe vyuma viwili, kisha mwalimu atundike mzigo mpaka kiungio kikatike mbele ya darasa zima, na wote waandike kilikatika kwa kilo ngapi. Somo hilo halisahauliki, nalo halihitaji maabara ya Ulaya. Linahitaji kamba, mawe na mizani ya kupimia mahindi.

Jina la mji wetu, wanavyosema wenyewe, maana yake ni “tupa uchawi.” Wageni wengi hucheka wakilisikia. Mimi naona bado tuna uchawi mmoja wa kutupa, nao ni imani kwamba kitu kikifanana na kingine kwa sura basi kimekuwa kile. Siku nyingine, ndugu msomaji, ukiitwa kwenda kulishangilia gari la spoti lililoundwa kijijini, nenda, tena nenda kwa furaha. Msalimie kijana, lisifu umbo lake kama linastahili. Kisha mwombe tandiko, lala chini, tazama uvunguni, na umwulize linasimamaje. Kama hana jibu, usipige makofi. Kaa naye mpaka mlipate.